Kipupwe Katika Nyumba ya Wachaga

Watu wakitaka kusimulia habari za Kilimanjaro huanza na theluji, kisha husimulia Wamangi, kisha kahawa. Husema jinsi Bwana Johannes Rebmann alivyoiona theluji ile tarehe 11 Mei mwaka wa 1848, na wataalamu wa London wakakataa kumsadiki. Husimulia Mangi Rindi wa Moshi na werevu wake, na Mangi Meli mwanawe aliyenyongwa na Wadachi tarehe 2 Machi mwaka wa 1900. Tena husema ya kuwa reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka wa 1911, na chama cha wakulima wa kahawa, KNCU, kikaanzishwa mwaka wa 1933. Habari hizo ni za kweli, nazo zastahili kuandikwa. Walakini mtu akizisoma zote tangu mwanzo hata mwisho, ataweza kudhani ya kuwa watu wa mlima ule waliishi kwa vita na biashara tu, na chakula chao kilijipika chenyewe.

Mimi nataka kuandika habari za mtu mwingine, ambaye vitabu vingi humpita kama mtu apitavyo jiwe la njiani. Mtu huyo ni mwanamke mwenye bustani ya mboga, na kazi yake nyumbani katika miezi ya baridi. Maana katika miezi hiyo ndipo nyumba ilipomtegemea zaidi, na katika miezi hiyo ndipo ilipoonekana wazi ni vitu gani alivyokuwa navyo mkononi mwake, na ni vitu gani vilivyokuwa mkononi mwa wengine.

Yafaa kwanza tukieleze kipupwe chenyewe, kwa kuwa wasomaji wetu wengine hukaa mahali pa joto. Masika yakiisha mwezi wa Mei, upepo hugeuka, na tangu Juni hata Agosti mawingu hulala juu ya Kilimanjaro kama blanketi. Zaweza kupita siku nyingi mtu asiuone mlima, hata mgeni akauliza kama upo kweli. Mji wa Moshi uko kadiri ya mita 800 hadi 900 juu ya bahari, nako huko chini baridi ni ya asubuhi na usiku. Lakini vihamba vya Wachaga vimepanda mlimani hata karibu na mita 1,800, na kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kwa hiyo mtu wa Moshi mjini akivaa sweta, ndugu yake aliye juu karibu na msitu hukaa mekoni. Hakuna sakitu katika vihamba, wala maji hayagandi. Hayo ni mambo ya juu zaidi, mahali pasipokaa watu. Ila ni baridi ya unyevu, na unyevu ule huingia katika nguo, katika kuni, na katika mifupa ya wazee. Wasimulizi husema ya kuwa Rebmann alipomwuliza mwongozi wake kile cheupe kilicho juu ya mlima ni kitu gani, mwongozi alikiita baridi. Rebmann alichukua neno lile kuwa ushahidi wa theluji. Nami naona ni jina zuri, maana watu hukijua kitu kwa jinsi kinavyowatenda.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba ya kale ya Mchaga, hasa upande wa Vunjo na Rombo, ilikuwa msonge wa mviringo, paa lake limeshuka hata chini, limeezekwa kwa majani makavu. Haikuwa na dirisha. Ndani walikaa watu upande mmoja na ng'ombe na mbuzi upande wa pili, na meko katikati. Wageni wengi waliandika habari za moshi na harufu ya nyumba zile, kana kwamba wenyewe hawakuwa na pua. Lakini ng'ombe wale hawakuwekwa ndani kwa ujinga. Waliwekwa kwa sababu ya vita, maana adui alitaka ng'ombe kwanza. Waliwekwa kwa sababu ya uhaba wa malisho, maana kihamba chote kilijaa migomba. Tena miili yao ilitia joto ndani ya nyumba usiku kucha, bila kuni.

Juu ya meko kulikuwa na dari ya miti, nayo ilikuwa ghala. Hapo ziliwekwa kuni ili zikauke, na mbegu za maharage, na ulezi, na mahindi. Moshi ulipanda ukapita katikati yake, ukafukuza wadudu. Katika wakati wa kipupwe, ambapo kitu kilichoanikwa uani hurudi ndani na maji yake, dari ile ndiyo iliyookoa mbegu za mwaka ujao. Mwanamke aliijua kila fungu lake: hili la kula, hili la kupanda, hili la kumpa mkwe akija. Lakini moshi uleule uliohifadhi mbegu uliwadhuru watu. Macho ya wazee wanawake yalikuwa mekundu daima, na watoto wachanga walishikwa na kikohozi na homa ya mapafu katika miezi ile. Tusiisifu nyumba ya kale kuliko kweli yake.

Ng'ombe aliyefungwa ndani hali asipoletewa. Hapo ndipo kazi ya kipupwe ilipokuwa nzito. Mwanamke alikata mashina ya migomba iliyokwisha kuzaa, akayapasua, akawapa ng'ombe wapate chakula na maji pamoja. Lakini migomba peke yake haikutosha. Majani mazuri yalikuwa chini tambarare, katika nyika iliyo chini ya vihamba, ambako leo pamejengwa mji wa Moshi na vitongoji vyake kama Pasua. Basi wanawake na wasichana walishuka asubuhi kwa makundi, wakakata majani, wakafunga mizigo mikubwa, wakapanda nayo kichwani saa nyingi. Walishuka kwa makundi kwa kuhofu Wamasai na wanyama, na walirudi kabla ya usiku kwa kuhofu homa. Wachaga walijua tangu kale ya kuwa mtu akilala tambarare huugua, ingawa hawakujua ya kuwa ni mbu aletaye homa ile. Kwa hiyo nyika ile ilikuwa shamba la mchana tu.

Sasa angalia mzunguko wa kazi ile. Majani ya tambarare yalipanda mlimani kichwani pa mwanamke, yakaingia katika ng'ombe, yakatoka kuwa maziwa na samadi. Samadi aliichukua mwanamke kila asubuhi kwa kikapu, akaitia shinani mwa migomba na katika vijibustani vyake vya mboga. Udongo wa kihamba uliendelea kuzaa vizazi kwa vizazi mahali palepale, wala watu hawakuhama kutafuta ardhi mpya kama walivyofanya makabila mengi. Wataalamu wa siku hizi husifu sana kilimo hiki cha miti, migomba na mboga pamoja. Mwaka wa 2011 kihamba cha Shimbwe Juu, katika nchi ya Uru, kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo kwa ulimwengu. Husifu mpango wa miti, na hustahili kusifiwa. Lakini rutuba ile ilipandishwa kwa shingo za wanawake, mzigo kwa mzigo, na hasa katika miezi ya mawingu ambapo njia za mteremko zilikuwa utelezi.

Na bustani yenyewe ilikuwaje? Mtu asidhani matuta yaliyonyoshwa kwa kamba kama ya shule. Chini ya migomba, mahali popote palipopata mwanga kidogo, palikuwa na mnavu, na mchicha, na maboga ambayo majani yake huliwa, na magimbi kando ya maji, na viazi vikuu vilivyopanda juu ya miti, na maharage. Mipaka ya kihamba ilipandwa masale, mmea ambao Mchaga huuheshimu, na ambao mtu huutumia kuombea msamaha akiwa amemkosea mwenziwe. Mboga zile zilipondwa pamoja na ndizi, zikatiwa magadi yaliyonunuliwa sokoni, zikaliwa moto. Siku za baridi mtoto aliyekuja na bakuli mara ya pili hakukatazwa.

Kipupwe hakiziharibu mboga zote, wala hakizipendi zote. Mchicha hupenda joto. Mawingu yakikaa wiki tatu, husimama palepale kama mtoto aliyenuna. Mnavu huvumilia. Jambo gumu zaidi lilikuwa mwanga, maana migomba mikubwa ilifunika juu, na mawingu yakafunika juu ya migomba. Kwa hiyo mwanamke mwenye akili alipogoa majani makavu ya migomba katika mwezi wa Juni, akayalaza chini yawe matandazo, na mwanga ukashuka kidogo juu ya mboga zake. Kazi hiyo haikufundishwa na bwana shamba yeyote.

Katika desturi ya kale mazao yaligawanywa. Ndizi zilikuwa za mwanamke: yeye alizitunza, akazikata, akazipeleka sokoni. Ulezi ulikuwa wa mwanamume, kwa kuwa ulezi ndio uliotiwa katika mbege, na mbege ndiyo iliyoendesha mashauri ya ukoo. Mboga hazikutajwa hata katika mgawanyo huo, kana kwamba hazikuwa mali, na kwa sababu hazikuwa mali, zilikuwa za mwanamke.

Hata hapa nimesema habari za majani, samadi na mwanga, navyo vyote vilikuwa katika uwezo wa mwanamke akiwa na nguvu. Lakini baada ya masika mvua hukoma, na mawingu ya kipupwe, ijapokuwa hutisha, hayanyweshi nchi ya kati na ya chini kwa kutosha. Ardhi ya juu huloweshwa na manyunyu. Ile ya chini hukauka huku mtu akitetemeka. Hapo pakahitajiwa maji ya mfereji.

Mifereji ya Wachaga ni kazi kubwa kuliko zote za mlima ule, na hata wageni waliodharau nyumba zao hawakuweza kuidharau mifereji. Watu walipanda katika mabonde marefu ya mito, wakayazuia maji juu kabisa, wakayaongoza kwa mteremko mdogo sana ubavuni mwa mlima, mahali pengine wakayavusha kwa magogo yaliyochimbwa, hata yakafika juu ya matuta yaliyo kati ya bonde na bonde. Hawakuwa na kipimo ila jicho na maji yenyewe. Palikuwa na mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku ili yafunguliwe mchana. Kila mfereji ulikuwa na mzee wake aliyegawa zamu. Masika yalipokwisha kubomoa kingo, pembe ililia, na watu wakatoka kufanya msaragambo wa kuutengeneza. Asiyetoka alitozwa mbege au mbuzi, au alinyimwa maji.

Lakini watu wale waliotoka walikuwa wanaume. Kuchimba mfereji, kulinda banio, kugawa zamu na kuamua magomvi ya maji, yote yalikuwa mambo ya wanaume, na mwanamke hakuketi katika baraza lile. Mjane mwenye bustani alikuwa na haki ya kunywesha kwa kuwa alikuwa mke wa ukoo, ila ilimpasa kupeleka mwanawe au shemeji yake amnenee. Basi tuone jambo lilivyo: mwenye kuhitaji maji kila siku kwa mboga hakuwa na neno juu ya maji, na mwenye neno juu ya maji alikumbuka ulezi wake kwanza, maana kipupwe kilipokuwa kikiisha ndipo ulezi ulipopandwa na kunyweshwa. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyekuja Kilimanjaro mwaka wa 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka wa 1938, aliandika mengi sana juu ya sheria za Wachaga, naye alizisifu kwa moyo. Sifa zake nyingi ni za haki. Walakini sheria nzuri huonekana nzuri zaidi kwa yule aliyeketi barazani.

Mboga za Ulaya nazo zina historia yake mlimani. Bwana Harry Johnston, Mwingereza, alikuja Moshi mwaka wa 1884, akapewa mahali na Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Akajenga, akapanda mbegu za mboga alizokuja nazo, akakaa miezi michache, akaenda zake. Baadaye walikuja wamisionari wakakaa: Waingereza wa CMS Moshi tangu mwaka wa 1885 hata 1892, Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Kilema, na Walutheri wa Leipzig huko Machame mwaka wa 1893. Hao walitaka kula mboga walizozizoea, wakapanda kabichi, karoti, vitunguu na viazi mviringo. Watu walishangaa kuona wazungu wakipanda majani na kuyafunga kama kichwa.

Wamisionari wale walitoka katika nchi ambayo mwenye bustani wakati wa baridi hana kazi shambani. Huko Saxony ardhi huganda mwezi wa Desemba, jembe haliingii. Kwa hiyo mwenye bustani wa kwao huvuna kabla ya theluji, huweka viazi na karoti chini ya nyumba penye giza, hukata kabichi na kuitia chumvi katika pipa ichachuke, kisha hukaa ndani akila alichoweka hata Machi. Majira yake ya baridi ni majira ya akiba. Kwetu ardhi hailali. Kipupwe cha Kilimanjaro kinalingana na miezi ya mwanzo wa kiangazi cha nchi zile, na kwa sababu hiyo kabichi na karoti ziliona mlima huu kuwa kwao. Mboga ambayo mchicha ulimwachia mwanamke pengo lake, kabichi ililijaza. Mwanamke wa kwanza aliyeiba kwa macho kazi ya bustani ya misheni, akaomba miche, akaipanda nyuma ya nyumba yake chini ya samadi ya ng'ombe, jina lake hatulijui, lakini wajukuu wake ndio wanaopanga mafungu ya karoti Mbuyuni na Kiboriloni.

Viazi na nyanya vilikuja na baraka na adui yake. Yako maradhi ya ukungu ambayo hupenda baridi yenye unyevu, nayo huunguza majani kwa madoa meusi hata shamba likanuka kwa siku chache. Maradhi hayo ndiyo yaliyoangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka wa 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yaliyofuata. Katika Kenya yalionekana mwaka wa 1941. Hushambulia viazi na nyanya pia. Kwa hiyo mkulima wa nyanya hutazama mawingu ya Julai kwa jicho lingine kuliko mkulima wa kabichi aliye jirani yake, na mara nyingi bei ya nyanya hupanda katika miezi hiyo kwa sababu nyanya za wengi zimekwisha kuungua. Wako wanaofaidika, nao ni wale waliopanda chini, kwenye jua zaidi, wakanywesha kwa mfereji bila kulowesha majani.

Tena ikaja kahawa. Mapadre wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya vita kuu ya kwanza ilienea katika vihamba. Mwaka wa 1925 wakulima walikuwa na chama chao cha kwanza, na mwaka wa 1933 KNCU ikashika mahali pake. Kahawa ilijenga nyumba za mawe na mabati, shule na makanisa, na wengi wetu tumesomeshwa kwa kahawa. Sisemi kahawa ilikuwa mbaya. Nasema ilipandwa mahali gani. Haikupandwa katika nchi tupu. Ilipandwa katika kihamba, chini ya migomba, palepale palipokuwa na mnavu na maharage ya mwanamke. Alipokuwa akitia samadi kwa mboga, sasa alitia kwa kahawa. Alipalilia kahawa, akaichuma, akaianika. Kisha mwanamume aliyeandikwa jina chamani ndiye aliyekwenda kupokea fedha. Wako waume waliozileta nyumbani zote, na wako waliozipitisha penye mbege kwanza. Kila kijiji chawajua watu wake.

Mwanamke hakugombana na kahawa. Alifanya kama maji yafanyavyo, alitafuta mahali pengine pa kupita. Mahali hapo palikuwa sokoni na tambarare.

Hapa nieleze jambo la urithi. Kwa desturi ya Wachaga, mwana wa kwanza na mwana wa mwisho ndio waliokuwa na uhakika wa kihamba. Wa mwisho hubaki katika nyumba ya wazazi. Wana wa kati walitafutiwa ardhi mpya. Zamani ardhi mpya ilikuwapo. Watu walipozidi, ilikwisha, na vihamba vikakatwa vipande. Wataalamu waliopima miaka ya 1980 walikuta wastani wake haufiki hekta moja. Basi wana wa kati wakashuka. Reli ilikuwa imekwisha kuleta mji mpya chini, mbali na Moshi ya Kale iliyo kilimani. Dawa za homa zikapatikana. Nyika ile ambayo bibi zao walishuka kukata majani mchana na kuikimbia jioni, wajukuu wakajenga na kulala humo. Pasua, upande wa kusini wa mji, karibu na Mabogini, ni mahali pa namna hiyo. Wachaga wa kila upande wa mlima wapo, na Wapare, na watu wa makabila mengine wengi, na Kiswahili ndicho lugha ya jirani na jirani.

Huko chini mambo yote ya bustani yamegeuka isipokuwa mwanamke mwenyewe. Kipupwe chake si cha kukaa mekoni. Asubuhi ina mawingu, mchana jua hutoka, na upepo hukausha jaruba upesi. Hana migomba ya kumfunika, wala hana ng'ombe wengi ndani. Samadi huinunua kwa gunia au huletewa kwa mkokoteni. Mara nyingi ardhi si yake, ameikodi kwa msimu. Miche yake ya kabichi na figiri huifunika kwa majani makavu usiku, si kwa kuhofu sakitu, ila kwa kuwa mche uliopigwa na baridi na upepo hukawia. Na maji yake hutoka juu, baada ya kupita katika mikono ya watu wengi.

Habari ya maji ya tambarare ya Moshi yatosha kuwa somo lake peke yake. Kwa mkopo na ufundi wa Japani serikali ilijenga mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, ukamalizika mwaka wa 1987, kwa ajili ya mpunga hasa, katika nchi ya Mabogini, Rau, Oria na Chekereni. Mpunga ulizaa vizuri ajabu. Kwa sababu ulizaa vizuri, watu walio nje ya mradi, juu ya mabanio, wakapanda mpunga vilevile kwa maji ya mito ileile, na wale wa mwisho wa mfereji wakaanza kukosa. Hakuna aliyekuwa mwizi machoni pake mwenyewe. Kila mtu alisema mto ulipita kwake kwanza. Watu wengine husema ya kuwa shida yote ni theluji ya Kibo kuyeyuka. Ni kweli ya kuwa barafu ya mlima imepungua mno, zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka wa 1912. Lakini maji ya mito mengi hutoka katika mvua na ukungu wa msitu, wala si katika barafu. Mwenye kuukata msitu na mwenye kupindua banio usiku huwapunguzia watu wa chini maji kuliko jua la Kibo.

Bei ya kahawa nayo ilianguka, baada ya mapatano ya mataifa juu ya kahawa kuvunjika mwaka wa 1989. Wengi mlimani waliacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa wakapanda nyanya, kabichi na ndizi za kuuza. Ndipo wanaume walipoigundua bustani ya mboga. Kitu ambacho hakikutajwa katika mgawanyo wa mali wakati wa babu zao kikawa mali, na mara kikaanza kuulizwa ni cha nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 husema wazi ya kuwa haki ya mwanamke kupata na kushika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria hiyo imeandikwa katika Kiswahili pia, mtu aweza kuisoma. Kati ya sheria na masale ya mpakani pana shemeji, na wazee wa ukoo, na mwana wa mwisho ambaye amekwisha kuambiwa tangu utoto ya kuwa nyumba ni yake.

Mwenye bustani wa Pasua hangoji mashauri hayo yaishe. Siku hizi aweza kuketi katika mkutano wa watumia maji akasema neno lake, jambo ambalo bibi yake hakulipata. Lakini zamu huandikwa kwa mfuatano, na mfuatano hauchagui mchana wala usiku. Mwezi wa Julai zamu ikimwangukia saa nane za usiku, hujifunga kanga mbili juu ya sweta la mtumba, huchukua tochi na jembe, hufuata mfereji polepole kupanda hata banio, atazame kama maji bado yanakuja kwake au kuna mtu aliyeyageuza.